Muulize Fundi: Mashine ya zamani, tairi mpya, ununue zipi?

Mwezi huu maswali ya tairi za pikipiki yamefurika na mengi yametoka Tabora na Kigoma, bila shaka sababu mawingu yameshaanza kukusanyika na kila mtu anakumbuka tairi zake mvua ikikaribia. Nimechukua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana ndani yake kuna karibu kila kitu mnachouliza wengine vipande vipande, kwa hiyo hata kama mashine yako ni nyingine, lisome.

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Niko Isevya hapa Tabora, nimenunua Honda CBR600F ya 1997 kwa jamaa aliyehamishwa kikazi, injini iko safi kabisa tatizo tairi. La nyuma kashata (meno yake) bado zipo nyingi tu ila ubavuni lina mipasuko midogo midogo, alafu nikifunga breki linateleza hata kwenye lami kavu. Nimesoma nyuma 160/60 ZR17 na mbele 120/60 ZR17. Fundi wangu anasema niweke 180 nyuma inapendeza na ndo zinapatikana, jamaa mwingine yuko Dar ana pea ya used za resi anasema zinashika kama gundi, na wa tatu anasema chukua za Kichina mpya uachane na kelele. Mi natembea sana Tabora Nzega, na kuingia nyumbani kuna vumbi kama kilometa mbili hivi. Nichukue zipi kaka? Na lazima nibadili zote mbili au la nyuma tu?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mashine. Hiyo ndo watu wanaiita F3, Honda waliitoa kuanzia 1995 mpaka 1998, cc 600 silinda nne, na mpaka leo ni mashine ya kuendea kazini Jumatatu na Jumamosi ikakupa raha yote barabarani. Kwenye tairi inasumbua kwa sababu moja tu, imetoka kipindi ambacho saizi za mashine za cc 600 hazijafika hapa zilipo sa hivi. Kwenye saizi, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana. Muuzaji wa leo kichwani ana 120/70 mbele na 180/55 nyuma, ukimtajia 120/60 na 160/60 anakwambia hizo za zamani hamna, weka tu hii. Zipo. Suzuki SV650 za mwanzo, zile zilizoanza kutoka 1999, zinavaa saizi hizo hizo zako mbele na nyuma, na hiyo 160/60 inavaliwa mpaka na mashine za kisasa kama Kawasaki Ninja 650, kwa hiyo la nyuma halitakusumbua. La mbele ndo utaulizia zaidi.

Ila kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote chuchumaa nyuma ya mashine yako usome rimu, sio tairi. Tairi ulilolikuta angeweza kulivalisha yeyote, rimu haidanganyi. Chukua kitambaa, futa ile grisi ya cheni iliyoshikana na vumbi kwenye mikono ya rimu, utakuta maandishi yametoka pamoja na chuma chenyewe, kitu kama 17 x MT5.00 nyuma na 17 x MT3.50 mbele. Hiyo 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi na hiyo 5.00 ni upana wake, na ndo inaamua tairi gani linakaa. Wengi wanaruka hapa.

Sasa hiyo 180 ya fundi wako. Tairi la 180/55 limetengenezwa likae kwenye rimu ya inchi 5.5. Ukilivalisha kwenye inchi 5 ubavu wake unabanwa kwa ndani, katikati panatokeza juu kama mgongo, na matokeo yake ukiwa unaenda moja kwa moja sehemu inayogusa lami inakuwa ndogo kuliko ilivyokusudiwa, na zile kingo pana ulizozilipia hazigusi chini hata ukilala kona vipi. Yaani umenunua tairi kubwa umepata mguso mdogo. Mashine inakuwa nzito kuingia kona, na nyuma pale mkono wa gurudumu na cheni nafasi imepimwa kwa tairi la 160, ukizidisha unaweza kukuta mpira unalambwa na cheni. Kupendeza ni kwa kuiangalia imesimama. Baki na 160/60.

Mbele pia usikubali kirahisi 120/70. Piga hesabu mwenyewe, ubavu wa 120/60 ni milimita 72 na ubavu wa 120/70 ni milimita 84, kwa hiyo pua ya mashine inapanda milimita 12, usukani unakuwa mvivu kidogo, na tairi linasogea karibu na madigadi ambayo msimu wa matope ndo kwanza inataka nafasi. Wapo wanaoweka na wanaishi nayo vizuri, sikatai, ila hiyo ni njia ya mtu aliyetafuta 60 akaikosa kabisa, na hata yeye lazima apime nafasi ya madigadi kwanza gurudumu likiwa linazunguka.

Hizo used za resi ndo zimenifanya nikae niandike kwa kirefu namna hii. Mdogo wangu usizichukue hata akikupa bure. Tairi la resi linaposemwa linashika ni kweli linashika, ila likiwa la moto. Kule kwenye viwanja vya mashindano wanazifunika na blanketi za umeme mpaka zinafika kama nyuzi 80 ndo wanatoka, alafu kona baada ya kona zinapata moto zaidi. We unatoka Tabora unaenda Nzega, barabara imenyooka, kwenye vijiji mwendo ni 50, ukitoka kijijini unaongeza, unakutana na kijiji kingine unapunguza. Tairi lile halitapata moto wake hata siku moja, na mpira wa resi ukiwa wa baridi ni mgumu na unateleza. Kingine, mpira huo kila ukipashwa moto na kupoa unapoteza kidogo ule ulaini wake, na hizo ni used maana yake zimeshapashwa na kupoa mara nyingi na aliyekuwa nazo akaona zimeisha kazi. Na mifereji yake ni michache, maji ya mvua hayana pa kupita. Ndo tairi watu wanaliamini sana siku ya kwanza ya mvua, na hilo linaniuma sababu vijana wengi wananunua kwa nia nzuri kabisa wakidhani wamepata kitu cha wakubwa.

Alafu kuna tarehe. Hujaniandikia tarehe ya tairi zako na nina uhakika hujaiangalia, wengi hawaiangalii. Ubavuni kuna neno DOT, linafuatiwa na herufi na namba, mwisho kabisa kuna namba nne ziko ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319 hiyo ni wiki ya 23 mwaka 2019. Mara nyingi hizo namba nne ziko upande mmoja tu wa tairi kwa hiyo usipoziona zunguka upande wa pili, na muuzaji akikwambia la kwake halina, mwambie aligeuze. Ukikuta namba tatu tu hilo tairi ni la kabla ya mwaka 2000, liache hapo hapo.

Tarehe ina kazi kubwa sababu mpira unazeeka hata ukikaa tu. Jua, joto, na hewa yenyewe vinaukausha, yale mafuta yanayoufanya uwe laini yanaondoka, unakuwa mgumu na kuanza kupasuka. Hiyo mipasuko yako ya ubavuni na kule kuteleza kwenye lami kavu ni ugonjwa mmoja. Mashine kubwa hapa kwetu zinakaa sana, mtu anaitoa wikiendi, mwaka unaisha kashata hazijapungua, anaona tairi bado jipya kumbe limeshakufa. Michelin wenyewe wanasema tairi likishafika miaka mitano likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na miaka kumi ndo mwisho hata kama linaonekana zima. Mi kwa jua la Tabora la mwezi wa tisa na wa kumi na kwa mashine ya mwendo kama hiyo sifiki huko, likipita sita silipandi.

Kwa hiyo yule wa tatu, wa Kichina mpya, yuko karibu na ukweli kuliko wenzake wawili. Tairi jipya la bei ya chini, saizi sahihi, lililotoka mwaka jana, nalichukua mbele ya jina kubwa la 2013. Ila soma kilichoandikwa. Kwa saizi zako kawaida utakuta 55W mbele na 69W nyuma. Hiyo 55 ni uwezo wa kubeba kilo 218, 69 ni kilo 325, na W ni mwendo mpaka kilometa 270 kwa saa. Utaniuliza 270 ya nini na mwisho wa barabara yenyewe ni Nzega. Herufi ya mwendo inapima tairi linavumilia joto kiasi gani, na joto linatoka kwenye mwendo, kwenye uzito wa abiria na mizigo na kwenye lami ya saa nane mchana, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo usishuke chini ya kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Na hakikisha ni R mbele na nyuma, yaani radial kwa radial (lile ambalo nyuzi zake za ndani zimekatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu), usichanganye radial na lile la nyuzi za mshazari, na ikiwezekana pea iwe ya kampuni moja na modeli moja sababu mbele na nyuma zimetengenezwa zifanye kazi pamoja.

Ukiniuliza mimi hela ikiwepo ningeweka nini kwenye F3 ya kutembea Tabora Nzega, ningeweka tairi za safari za mashine za mwendo, zile kundi la Pirelli Angel GT, Metzeler Roadtec 01, Michelin Road 5 au Bridgestone T31, ambalo lolote utakalolikuta lina 120/60 mbele na tarehe nzuri. Sababu ni hiyo barabara yako. Njia iliyonyooka inakula tairi katikati tu, baada ya muda linakuwa bapa, na siku unaingia kona unasikia mashine inadondokea upande kwa ghafla pale bapa linapoisha. Tairi nyingi za kundi hili, hasa la nyuma, zina mpira wa aina mbili, katikati mgumu unaodumu na pembeni laini unaoshika. Zinapata moto wake haraka, na mifereji ni mingi ya kutoa maji. Kwenye zile kilometa mbili za vumbi zitakupitisha salama ukienda taratibu, huhitaji kashata kubwa za shamba.

Na badili zote mbili. Najua inauma mfukoni. Ila ukiweka nyuma jipya mbele ukaacha la zamani, breki nyingi ya mashine iko mbele, na tairi la mbele likiteleza hulipati tena, la nyuma angalau linakupa nafasi ya kulirudisha. Kama hela haitoshi kwa pamoja, subiri, panda boda miezi miwili, kusanya.

Ukiagiza Dar, mwambie muuzaji akutumie picha ya zile namba nne za DOT kabla hujalipa, na picha iwe ya tairi hilo hilo. Mwambie pia asizikunje wala kuzifunga kamba kwa kuzibana ndio aziweke kwenye buti la basi, zikikaa hivyo usiku kucha ile midomo ya tairi inapinda na kukaa kwenye rimu inakuwa kazi. Kufunga, tafuta fundi aliyezoea rimu za aloi. Fundi wa boda ni hodari sana kwa boda lakini vile vyuma vyake vitakukwaruza mdomo wa rimu na upepo utakuwa unatoka pole pole kila siku, basi mpelekee vipande vya plastiki ya dumu aweke kati ya chuma na rimu, na maji ya sabuni ya kutosha. Mshale ulioko ubavuni uelekee upande gurudumu linakozunguka. Valvu ibadilishwe, ni hela ndogo. Upepo ukiingia utasikia mdomo wa tairi unaruka na kukaa, paa, upande mmoja, paa, upande wa pili, alafu angalia ule mstari mwembamba unaozunguka karibu na rimu uwe umetokeza sawa kila mahali. Gurudumu lilinganishwe uzito, hata kwa kulining'iniza kwenye ekseli yake na kuona upande gani unashuka. Na likisharudi kwenye mashine, kabla hujaondoka, piga piga breki mpaka iwe ngumu mkononi na mguuni. Vipande vya breki vinasukumwa nyuma wakati wa kufunga gurudumu, breki ya kwanza inaweza isiwepo kabisa.

Upepo PSI 36 mbele na 42 nyuma, upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi. Kilometa kama 160 za mwanzo nenda kwa adabu, mpira mpya una juu laini inayoteleza mpaka ikwanguke. Na wale vijana wanaoosha mashine waambie polishi ya tairi isiguse pale panapokanyaga lami. Kabisa. Pale Tabora mjini msimu wa maembe barabara zenyewe chini ya ile miembe zinakuwa na maembe yaliyopondwa, huna sababu ya kuongeza na polishi.

SWALI: Habari ya kazi fundi. Niko Mwanga, Kigoma, nina Kawasaki Ninja 250 ya zamani ya 2003, tairi zimekuwa kipara na hapa Kigoma kila duka wananionyesha 17 wakati zangu ni 16. Rafiki yangu anasema ning'oe rimu niweke za boda 17 maisha yaendelee, tairi zake zimejaa kila kona. Mwingine ananiambia kuna mtu anachonga kashata upya. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Salama ndugu yangu. Anza na la kuchonga, usichonge. Kwa malori yapo matairi yaliyotengenezwa na mpira wa akiba wa kuchongwa, la pikipiki halina huo mpira, kisu kinaenda karibu na nyuzi zenyewe, na barabara za kwenu Kigoma ni miteremko, kutoka juu kuja ziwani breki inafanya kazi muda wote. Tairi lililochongwa likipata moto hapo linaweza kufumuka.

Rimu za boda nazo acha. Tairi la boda la 3.00-17 lina upana wa inchi tatu, milimita 76 hivi, na Ninja yako nyuma inavaa 130/80-16. Hapo bado hujaanza kupambana na upana wa habu, diski ya breki, ekseli na mstari wa cheni. Mashine ya kilo zaidi ya 130 yenye uwezo wa kufika 150 na kitu ukiiwekea kiatu cha boda umeibadilisha kuwa kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Zako ni 100/80-16 mbele na 130/80-16 nyuma, za nyuzi za mshazari, hazina tyubu. Kawasaki walibaki na saizi hizo mpaka 2007, 2008 ndo wakaenda 17, kwa hiyo ukitaja tu Ninja 250 muuzaji anaweza kukutumia za mpya na zisikae. Taja namba. La mbele lina bahati, 100/80-16 linavaliwa na skuta za rimu kubwa kama Honda SH, kwa hiyo waulize na watu wa skuta, ila kabla hujalipa soma ile herufi, mashine yako ilitoka na S ambayo ni 180, na tairi nyingi za skuta ni P ambayo ni 150. P sio ya kwako. La nyuma ndo la kutafuta kwa subira, agiza Dar au mtu anayesafiri, na ukilipata chukua na la mbele siku hiyo hiyo. Wakati unasubiri mashine ikae ndani, hasa ile njia ya Kasulu yenye vilima na kona usiiguse na kipara.

SWALI: Mwanangu, mimi sio mtu wa pikipiki. Kijana wangu wa mwisho ana pikipiki kubwa ile ya kuinama, ameniomba nimuongezee hela ya tairi kabla ya mvua. Nimeziangalia, zina meno mazuri tu, hazijaisha. Nikimuuliza anasema zimezeeka. Tairi linazeekaje na meno yake yapo? Nisije nikawa natoa hela ya mambo mengine.
Mama, Cheyo, Tabora

JIBU: Shikamoo mama yangu. Kijana wako anaweza kuwa anakwambia kweli tupu, na una uwezo wa kuhakikisha mwenyewe bila kumtegemea fundi wala yeye. Mwambie akuonyeshe ubavuni pale palipoandikwa DOT, usome namba nne za mwisho, mbili za nyuma ni mwaka. Zikisomeka 14 au 15 au 16 basi hilo tairi limekaa kwenye jua letu miaka mingi sana. Alafu bonyeza mpira na ukucha wa kidole gumba, katikati pale panapokanyaga, na ulinganishe na tairi jipya la dukani. Lililozeeka ukucha hauachi alama, limekuwa gumu. Angalia pia ndani ya ile mifereji na ubavuni kama kuna nyufa nyembamba.

Meno mama yanasaidia kutoa maji chini ya tairi ili mpira uguse lami. Lakini kinachoshika lami ni ule ulaini wa mpira, na ukiwa mgumu maji yatatoka na bado hautashika. Siku ya mvua za kwanza ndo mbaya zaidi, vumbi na mafuta ya magari ya miezi yote ya kiangazi yanachanganyika na maji kidogo yanakuwa utelezi, na pikipiki ina magurudumu mawili tu ya kuisimamisha. Ukikuta tarehe ni ya karibuni na mpira ni laini, basi mna mazungumzo mengine wewe na yeye. Ukikuta za zamani mama, mpe, na kama huna imani na matumizi lipa wewe mwenyewe kwa muuzaji, na siku zinafika mkazisome pamoja hizo tarehe. Nashukuru sana umeuliza, wazazi wengi wanasubiri mpaka habari iwafikie kwa njia nyingine.

SWALI: Mambo bro. Niko Urambo, nina mashine kubwa ya tairi zisizo na tyubu, huku mchanga mwingi nikiingia vijijini. Boda wote wanapunguza upepo kupita mchangani, na mi nipunguze? Na nikipata pancha fundi anataka kuniwekea tyubu ndani, ni sawa?
Msomaji, Urambo

JIBU: Poa ndugu. Kupunguza upepo kidogo kwa kipande cha mchanga sio dhambi, ila hizi tairi za mashine kubwa ubavu wake ni mfupi, ukipunguza sana jiwe moja au shimo moja linagonga mdomo wa rimu ya aloi, na aloi haipindi kwa upole, inaweza kupasuka. Alafu watu wanasahau kurudisha, wanaingia lami ya kurudi Tabora na upepo mdogo, ubavu unakunjwa kunjwa, tairi linapata moto wa ndani. Kama huna geji na pampu yako mwenyewe kwenye begi usipunguze. Pita mchanga kwa gia ya chini, kaza magoti, usishike breki ya mbele.

Tyubu hapana, labda iwe ni kutoka porini mpaka kwa fundi, kwa mwendo mdogo. Tairi radial lenye tyubu ndani vinasuguana, joto linapanda, na tyubu ikipasuka upepo wote unaondoka mara moja, wakati tairi lisilo na tyubu likichomwa na msumari mara nyingi linatoa upepo taratibu unapata muda wa kusimama. Pancha iliyo katikati pale panapokanyaga inazibwa, na ya uhakika ni ile ya kufungua tairi na kubandika kwa ndani. Vile vijiti vinavyosukumwa kutoka nje viwe vya kukufikisha tu. Pancha ya ubavuni haizibwi kwa namna yoyote, tairi hilo limekwisha. Tembea na seti ya vijiti na pampu ndogo ya mkono au ya kuchomeka kwenye betri, na ukichomwa msumari usiuchomoe ukiwa katikati ya safari kama upepo bado upo, ongeza upepo, nenda taratibu ukipima kila baada ya kilometa chache mpaka kwa fundi ndo utolewe.